UZI: Makumbusho ya Glasgow na namna ya kuzunguka mjini (saa, stesheni, ngazi na mitego yake)

Mpangasafari (mwanzisha uzi)

Wadau, salaam. Naomba tukusanye habari za Glasgow mahali pamoja. Wasafiri ni wanne: watu wazima wawili, mtoto wa miaka minne na kigari chake, na mama yetu ambaye magoti yake na ngazi hayapatani. Siku ni tatu kamili, Ijumaa hadi Jumapili, mwishoni mwa Oktoba. Tunatoka Dar kupitia Dubai. Gari hatukodi. Makumbusho yapi yanastahili, yako upande gani wa mji, na usafiri upi hautamtesa mama? Majibu ya "mtafurahia tu" tafadhali wekeni akiba.

FundiReli

Karibu mkuu. Tukubaliane kwanza kuhusu saa, maana mazungumzo ya namna hii huvurugikia hapo. Naandika kwa tarakimu za huko: 10:00 ni saa nne asubuhi, 17:00 ni saa kumi na moja jioni.

Makumbusho makubwa ya mji hayatozi kiingilio. Kelvingrove, Riverside, Burrell, GoMA (jumba la sanaa ya kisasa), St Mungo, yote bure. Unaweza kuingia nusu saa, ukatoka, ukarudi kesho yake. Kwa hiyo cha kubana hapa si pesa, ni muda. Na muda una kanuni yake: Jumatatu hadi Alhamisi na Jumamosi milango hufunguliwa 10:00, lakini Ijumaa na Jumapili ni 11:00. Kufunga ni 17:00. Siku zako mbili kati ya tatu ni za 11:00. Kila wikendi utaona familia zimesimama nje Kelvingrove saa nne asubuhi, mvua inanyesha, zinasoma kibao cha mlangoni.

Kama Jumapili yenu ndiyo ya mwisho ya Oktoba, usiku wa kuamkia siku hiyo saa hurudishwa nyuma saa moja Uingereza nzima. Simu itajirekebisha, saa ya mkononi ya mama haitajirekebisha. Kuanzia siku hiyo jua linazama kabla ya 17:00.

Sasa Subway, treni ya chini ya ardhi. Ni duara moja tu, kilomita 10 na nusu, vituo 15, mzunguko mzima dakika 24 hivi. Ilifunguliwa Desemba 1896; zilizoitangulia duniani ni ya London na ya Budapest. Kuna pande mbili: Outer inazunguka kama mshale wa saa, Inner kinyume chake. Kutoka Buchanan Street, katikati ya mji, panda Inner: Cowcaddens, St George's Cross, Kelvinbridge, Hillhead, Kelvinhall. Vituo vitano, umefika jirani na Kelvingrove. Ukipanda Outer kwa bahati mbaya hupotei, ila utavuka chini ya mto Clyde mara mbili kabla ya kufika hapo hapo. Kosa hili ni la kawaida kwa sababu vituo vingi vina jukwaa moja la katikati, treni za pande zote mbili zinasimama kushoto na kulia kwako. Soma ubao juu ya kichwa, usifuate umati.

Tiketi zinauzwa kwenye mashine na dirishani. Safari mbili, chukua ya kwenda na kurudi. Ukishafikia tatu kwa siku, ya siku nzima ndiyo yenye faida.

Jambo linalowaumbua wageni: Jumapili Subway huanza kama 10:00 na kufungwa muda mfupi baada ya 18:00. Siku nyingine inakwenda hadi karibu saa sita usiku.

bi_Saada

FundiReli amesema kweli, ila amesahau magoti ya mama. Vituo vya Subway vyenye lifti ni viwili tu katika 15: St Enoch na Govan. Buchanan Street na Partick vina ngazi za umeme, na ngazi za umeme siku moja zinafanya kazi, siku nyingine zimezungushiwa utepe. Kelvinhall na Hillhead usimpeleke. Stesheni zilichimbwa enzi za Malkia Victoria na hazikufikiriwa kwa kiti cha magurudumu wala kigari.

Lakini hivyo viwili vyenye lifti ndivyo mnavyovihitaji. Panda St Enoch, Outer, shuka Govan: vituo saba. Treni ni mpya. Zilianza kubeba abiria Desemba 2023 na za zamani ziliondolewa 2024. Ndani zina nafasi ya kiti cha magurudumu na unatembea kutoka behewa hadi behewa. Ukitoka Govan, elekea mtoni. Tangu Septemba 2024 kuna daraja la waenda kwa miguu na baiskeli kati ya Govan na Partick, na upande wa pili wake ndipo lilipo jumba la Riverside. Njia yote tambarare. Kabla ya daraja hilo watu wa Govan waliliona jumba ng'ambo ya maji na bado wakalazimika kuzunguka.

Mbele ya daraja, upande wa Govan, kuna kanisa la Govan Old lenye mawe 31 ya kuchongwa ya karne ya 9 hadi 11. Hufunguliwa kwa msimu, na Oktoba ikielekea ukingoni huenda mkakuta limeshafungwa. Angalia tovuti yao kabla ya kumpindisha mama.

Mpangasafari

Dada Saada, hapo umeniokoa. Kwa hiyo Riverside ni Subway. Na Kelvingrove je, bila ngazi?

bi_Saada

Basi. Mabasi ya mjini yana sakafu ya chini na ubao wa kushushia kiti, na yapo yanayopita Argyle Street mbele ya Kelvingrove. Yajue haya manne:

Basi halisimami kwa kukuona umesimama kituoni. Nyoosha mkono.

Gusa kadi ya benki au simu kwenye mashine ya dereva. Ukiona mashine ya pili karibu na mlango, gusa tena unaposhuka, ukiacha unaweza kukatwa nauli ya juu kabisa. Tumia kadi ile ile kutwa nzima, maana mfumo unahesabu safari zako na kusimamisha makato yakifika kiwango cha tiketi ya siku. Asubuhi ukigusa simu na jioni ukigusa kadi, mfumo unakuhesabu watu wawili, hata kama akaunti ya benki ni moja.

Ukilipa kwa noti, usitegemee chenji.

Kampuni ni nyingi: First, McGill's, Stagecoach. Tiketi ya siku ya kampuni moja haikubaliki kwa nyingine. Tazama rangi na jina ubavuni mwa basi kabla hujalipandia.

Kushuka, bonyeza kengele mapema. Konda wa kumwambia "shusha" hakuna.

Nafasi ya kigari na ya kiti cha magurudumu ni moja, na mwenye kiti ndiye mwenye haki. Akiingia, unakikunja kigari. Kwa hiyo chukua kile chepesi cha kukunja kwa mkono mmoja, lile la magurudumu makubwa liache Dar.

Kipanga_wa_Kale

Hayo manne yameshakuwa sita, lakini endelea dada.

Mchora_Ramani

Kelvingrove, basi. Jengo la mawe mekundu, lilifunguliwa 1901 pamoja na maonyesho makubwa ya kimataifa ya mwaka huo. Waongoza watalii watakuambia kwamba lilijengwa mgongo mbele na mchoraji wake akajirusha kutoka mnarani. Ni uongo mtamu. Lilijengwa hivyo makusudi, likitazama bustani ambamo maonyesho yalifanyika. Barabara ndiyo iko nyuma.

Mpango wa ndani ni rahisi: ukumbi mkubwa wa kati wenye kinanda kikubwa cha mabomba, kisha mabawa mawili. Bawa la magharibi lina wanyama na historia. Hapo mtoto atamkuta Sir Roger, tembo wa Asia aliyekaushwa, na juu ya kichwa chake ndege ya kivita aina ya Spitfire, namba LA198, imening'inizwa. Bawa la mashariki lina yale mavichwa meupe yanayoelea, kila moja na sura yake: moja linacheka, moja linalia. Watoto wengine huyaogopa, pita taratibu. Picha za kuchora ziko zaidi ghorofani, na lifti ipo. Kwa mama, ulizeni mlango wa chini usio na ngazi, msipande zile za mbele.

Picha ambayo kila mtu anaulizia ni ya Salvador Dalí, Kristo msalabani anayeonekana kutoka juu. Mji uliinunua 1952 kwa pauni 8,200. Watu walikasirika, wanafunzi wa sanaa wakaandika barua ya kupinga kwamba pesa zile zingewasaidia wachoraji wa mji wenyewe. Leo ndiyo inayowaleta wageni. Kaa pembeni, si mbele yake. Kioo hurudisha mwanga.

Kinanda kinapigwa bure: Jumatatu hadi Jumamosi 13:00, Jumapili 15:00. Hapa ndipo ratiba nyingi zinapokosea. Watu hula chakula 12:45, wakamaliza muziki umekwisha. Kula 12:00 au kula baadaye. Kiti kizuri ni kwenye roshani ya ghorofa ya kwanza, upande unaokitazama kinanda.

Saa mbili na nusu zinatosha kwa familia yenye mtoto wa miaka minne. Ukijaribu vyumba vyote 22 siku moja mtoto atalala sakafuni, na mama atatamani kumfuata.

Kusi

Nyongeza kwa wenye miguu mizima: kutoka Kelvingrove unapanda kupitia bustani, dakika kumi hivi, unafika chuo kikuu cha Glasgow. Pale kuna Hunterian, makumbusho ya umma ya zamani kuliko yote Scotland, yalifunguliwa 1807 kwa mali aliyoiacha tabibu William Hunter. Yana mawe ya Warumi kutoka ukuta wa Antonine, na mifupa, na sarafu. Jumatatu yamefungwa. St Mungo karibu na kanisa kuu nayo hufungwa Jumatatu. Kwa mwanzisha uzi haihusu, lakini atakuja mwingine kusoma.

Mlima wenyewe ni mlima kweli. Mama abaki mkahawani Kelvingrove.

Mpangasafari

Mkuu FundiReli, Riverside ina nini hasa? Magari ya kizamani kwangu hayana mvuto sana.

FundiReli

Hapo umegusa penyewe. Riverside si jumba la magari ya mabwanyenye. Ni jumba la viwanda vya Glasgow, na viwanda hivyo sisi wa Afrika Mashariki tunavijua bila kujua kwamba tunavijua.

Jengo lilichorwa na msanifu Zaha Hadid, lilifunguliwa Juni 2011, paa lake la bati limekunjwa-kunjwa kama mawimbi. Ukiingia, tafuta injini kubwa nyeusi ya treni, namba 3007. Iliundwa Glasgow 1945 na kampuni ya North British Locomotive, ikaenda kuvuta mabehewa Afrika Kusini, kisha mji ukainunua na kuirudisha kwa meli. Kampuni hiyo hiyo ndiyo iliyounda injini za daraja la 29 za reli ya Afrika Mashariki, zile zilizopewa majina ya makabila yetu. Moja iko makumbusho ya reli Nairobi. Simama karibu na magurudumu ya 3007 utaelewa kwa nini mafundi wa Tabora na Nairobi walihitaji winchi kwa kila kitu.

Halafu tazama mifano ya meli zilizoundwa mto Clyde, inapita mbele yako kwenye mkanda unaozunguka. MV Victoria, mnayoijua Mwanza na Bukoba, ni mtoto wa mto huo. Kiwanda cha Yarrow, Scotstoun, mwendo mfupi tu magharibi ya hapo, ndicho kilichoiunda. Vipande vikasafirishwa na kuungwa upya Kisumu, ikaanza kazi 1961. Ndiyo hiyo iliyokarabatiwa na kupewa jina New Victoria Hapa Kazi Tu mwaka 2020. Meli za mvuke za mwanzo za ziwa hilo nazo nyingi zilitoka Paisley, jirani na uwanja wa ndege mtakaoshukia.

Ndani kuna pia mtaa wa zamani uliojengwa upya, maduka unayoingia, tramu unazopanda (tramu za mjini ziliondolewa 1962), na kituo cha Subway cha zamani. Subway ile ilivutwa kwa kamba ya chuma hadi 1935, ndipo umeme ukaja. Mtoto atapenda hapo kuliko Kelvingrove, na sakafu ni moja tambarare kwa sehemu kubwa.

Nje imefungwa meli ya matanga Glenlee, ya 1896. Nayo bure. Lakini ndani kuna ngazi nyembamba, mama aketi kwenye benchi na koti zito. Upepo wa pale unatoka mtoni moja kwa moja.

Kasoro: magari mengi yamepachikwa ukutani juu sana, rafu juu ya rafu. Wenyeji wamelilalamikia hilo tangu siku ya kwanza na mimi niko upande wao. Gari usiloweza kuchungulia ndani ni picha tu.

Mwanakwetu_Muscat

Tunaokuja kutoka Ghuba na Dar mara nyingi tunashuka uwanja wa Glasgow kwa ndege ya Dubai. Kutoka pale kwenda mjini hakuna treni. Basi ni 500 la First, usiku na mchana, linaishia Buchanan Bus Station. Barabara ikiwa nyepesi ni dakika 15, saa za msongamano hata 25 au zaidi. Mizigo mnapanga wenyewe kwenye rafu, kaeni mnapoiona.

Anayetaka treni: basi dogo hadi stesheni ya Paisley Gilmour Street, kisha treni hadi Glasgow Central. Inafaa kama hoteli iko karibu na Central, vinginevyo ni kuhamisha mizigo mara mbili bure.

Na msichanganye uwanja wa Glasgow na Prestwick. Prestwick iko pwani ya Ayrshire, mbali, ingawa ina stesheni yake ya treni mlangoni.

Mpangasafari

Ahsante sana. Na kuna stesheni kuu mbili za treni, nimeona kwenye ramani. Zinaungana?

FundiReli

Haziungani kwa reli. Central ni ya kusini na magharibi, na treni za London. Queen Street ni ya kaskazini, Milima ya Juu na Edinburgh. Kati yake ni dakika kumi kwa miguu. Kila moja ina majukwaa ya juu na ya chini, na tiketi nyingi hupotea hapo: mtu anangoja juu, treni yake inapita chini. Ubao wa matangazo ukionyesha jukwaa 16 au 17 pale Central, shuka chini.

Kuanzia Septemba 2025 ScotRail, kampuni ya treni za Scotland, imefuta nauli ya ghali ya asubuhi na jioni, kwa hiyo treni ya 08:00 na ya 11:00 bei moja. Ushauri wa zamani wa kusubiri hadi saa tatu asubuhi umepitwa na wakati, ingawa bado utaukuta kila mahali mtandaoni.

Mchora_Ramani

Twende Burrell, maana ndiyo yenye safari kidogo na ndiyo bora kuliko zote. Najua wa Kelvingrove watanirushia mawe.

Sir William Burrell alikuwa tajiri wa meli. Alinunua na kununua, zaidi ya kile nyumba yake ingebeba, na 1944 akaupa mji mkusanyiko huo, leo vitu kama 9,000. Akaweka sharti: jumba lijengwe angalau maili 16 kutoka katikati ya Glasgow, maana aliogopa masizi ya makaa ya mawe yasile mazulia yake. Mahali pa namna hiyo hapakupatikana. Alikufa 1958 bila kuona jengo. Hewa iliposafishwa kwa sheria, na familia ya Maxwell Macdonald ikatoa shamba la Pollok miaka ya 1960, wadhamini walikubali kulegeza. Jumba lilifunguliwa 1983, likaanza kuvuja, likafungwa 2016, likafunguliwa upya Machi 2022, na 2023 likatwaa tuzo ya jumba bora la mwaka Uingereza.

Ndani: vyungu vya Kichina vya enzi na enzi, mazulia ya Uajemi, vitambaa vya ukutani vya zama za kati, vioo vya rangi, Degas, sanamu ya Rodin ya mtu anayewaza. Kuta za kioo zinautazama msitu, kiasi kwamba sanamu za mawe zinaonekana kama zimesimama miongoni mwa miti. Mwishoni mwa Oktoba majani yote ni ya manjano na nyekundu. Hakuna msimu mwingine unaolifaa jumba lile zaidi ya huo.

Kufika: treni kutoka Central hadi Pollokshaws West, dakika kama kumi. Kutoka stesheni hadi lango la bustani ni karibu, lakini kutoka langoni hadi mlango wa jumba ni mwendo zaidi. Basi la 57 kutoka mjini hupita Pollokshaws Road na kushusha karibu na lango hilo hilo. Kwa mama, ulizeni kibasi cha umeme cha ndani ya bustani. Kama hakipo siku hiyo, teksi hadi mlangoni. Njiani kuna ng'ombe wa Kiskoti wenye manyoya marefu yaliyofunika macho. Mtoto atasahau jumba.

Mtego mmoja: bustani ni kubwa na ina milango kadhaa. Ramani ya simu mara nyingine hukupeleka lango la nyuma kwa kuwa ni karibu kwa mstari ulionyooka. Andika jina la jumba, usiandike jina la bustani.

Kipanga_wa_Kale

Swali la upande. Hivi vitu vyote vilivyoko humo, vyetu ni vingapi? Sitaki kwenda kulipa nauli kuangalia mali ya wizi.

Kusi

Swali halali, mkuu. Glasgow ni miongoni mwa miji iliyoanza kurudisha mapema. Mwaka 1999 Kelvingrove walirudisha shati la kiroho la watu wa Lakota wa Marekani. Agosti 2022, hapo hapo Kelvingrove, walitia saini na India kuhusu vitu saba, na mwaka huo mji ulikubali pia kurudisha kwa Nigeria shaba 19 za ufalme wa kale wa Benin. Ukitaka kuuona upande wenyewe wa biashara, simama mbele ya GoMA, Royal Exchange Square. Kiini cha jengo lile ni jumba la William Cunninghame, mfanyabiashara wa tumbaku iliyolimwa na watumwa Virginia, la 1778. Mitaa ya pale inasimulia yenyewe: Buchanan, Glassford, Ingram ni majina ya mabwana wa tumbaku, Virginia na Jamaica ni mashamba yao.

Sanamu ya Duke wa Wellington hapo nje imevaa koni ya barabarani kichwani. Manispaa imeitoa mara nyingi, ikarudishwa kila mara. Sasa ndiyo nembo ya mji.

Mwanakwetu_Muscat

Kwa habari inayotuhusu sisi moja kwa moja, nendeni Blantyre. Treni kutoka Central, majukwaa ya chini, nusu saa haifiki. Hapo ndipo alipozaliwa David Livingstone, Machi 1813, katika chumba kimoja cha jengo la wafanyakazi wa kiwanda cha pamba lililobeba familia 24. Alianza kazi kiwandani akiwa na miaka kumi. Mji wa Blantyre wa Malawi ulipata jina hapa.

Jumba lilifunguliwa upya 2021 na safari hii halikumwacha peke yake jukwaani. Abdullah Susi na James Chuma wamepewa nafasi yao: Livingstone alipofariki 1873 kijijini kwa Chitambo, wao na wenzao waliukausha mwili wakaubeba hadi Bagamoyo, miezi mingi njiani, wakafika Februari 1874. Jacob Wainwright ndiye aliyeusindikiza hadi London. Mtu wa Bagamoyo au Ujiji akisoma vibao vile atakuta majina ya kwao.

Hii ina kiingilio, na si ya manispaa, kwa hiyo saa zake ni tofauti na hubadilika kwa msimu. Kata tiketi mtandaoni usiku uliotangulia, hapo hapo utaona kama wamefungua.

Mpangasafari

Nimepanga hivi, nikosoeni: Ijumaa Kelvingrove asubuhi na Burrell mchana. Jumamosi Blantyre na Riverside. Jumapili kanisa kuu, GoMA, na mabaki.

bi_Saada

Ijumaa itakufa. Kelvingrove inafunguliwa 11:00, kinanda 13:00, mnatoka 14:00. Basi hadi mjini, treni, bustani: mnafika Burrell 15:30, na wafanyakazi huanza kuwaelekeza watu milangoni kabla ya 17:00. Umeivuka Glasgow nzima kwa saa moja.

Pangeni kwa upande wa mji. Ijumaa Riverside kwa Subway ya St Enoch na Govan, mkitoka 14:30 chukueni teksi fupi hadi Kelvingrove, mwone tembo na Dalí, kinanda mkiache. Jumamosi Burrell kutwa, ikifunguliwa 10:00 muwe hapo. Jumapili chagueni moja, kanisa kuu au Blantyre, na mkumbuke Subway ya Jumapili.

People's Palace ya Glasgow Green iondoe kwenye orodha, imefungwa kwa ukarabati tangu 2024. Vitabu vya mwongozo vya zamani bado vinaisifia.

FundiReli

Naunga mkono. Na Jumamosi tazama ratiba ya mpira. Rangers wakicheza nyumbani, kituo cha Ibrox na treni zote za Outer kutoka mjini hujaa kabla ya mechi, na mama na kigari hawatapenya. Mechi ikiwa Jumamosi, ni bahati, mko Burrell. Ikihamia Jumapili, msiguse upande wa Govan.

Kipanga_wa_Kale

Teksi: nyeusi ndizo za kusimamisha barabarani, zina ubao wa kiti cha magurudumu. Nyingine ni za kuagiza kwa simu au programu. Anayekuita barabarani bila kuagizwa, mwache.

Na kwa anayesoma huu uzi akiwa na gari la ndugu yake wa Manchester: katikati ya Glasgow ni eneo la magari yasiyochafua hewa, usiku na mchana, tangu Juni 2023. Dizeli iwe kiwango cha Euro 6, kwa kawaida gari lililosajiliwa kuanzia Septemba 2015. Petroli Euro 4, kuanzia 2006. Hakuna kulipia siku ukaingia kama London. Kamera inasoma namba, faini ni pauni 60, nusu yake ukilipa ndani ya siku 14, na ukirudia inapanda. Barabara kuu ya M8 haimo, kutoka tu ndiko kunakuponza.

Mpangasafari

Swala na chakula halali?

Mwanakwetu_Muscat

Msikiti Mkuu uko kando ya Clyde, upande wa kusini, karibu na kituo cha Bridge Street. Ijumaa yenu, mkiwa Riverside, ratiba ya swala itabana: ama mwanamume anatangulia mjini, ama mnaanza Riverside mapema na kurudi St Enoch. Chakula halali kimejaa Pollokshields na Govanhill, Albert Drive na Allison Street, na huko ni njia moja na Burrell, kwa hiyo Jumamosi jioni shukeni huko kabla ya kurudi hotelini.

Kusi

Noti. Benki tatu za Scotland zinachapa noti zao za pauni, na mtapewa dukani na mashineni. Ni pesa halali kabisa, lakini maduka ya kubadilisha fedha Dar na Nairobi mengi hayazipokei, na hata London utakuta muuzaji akizigeuza-geuza. Zitumieni zote kabla ya kuondoka, au ulizeni benki za Glasgow kama zitawabadilishia kwa zile za Bank of England.

Mpangasafari

Swali la mwisho: siku ya kuondoka tunatoka hotelini 11:00, ndege jioni. Masanduku manne tunayaweka wapi? Makumbusho yatayakubali?

FundiReli

Hayatayakubali, makabati yao ni ya begi la mgongoni. Glasgow Central kuna sehemu ya kulipia ya kuhifadhi mizigo, bei kwa kila sanduku. Buchanan Bus Station kuna makabati, na hapo ndipo basi la 500 linapoanzia, kwa hiyo hamtayaburuza mara mbili. Masanduku makubwa kabisa hayaingii kwenye kila kabati. Pimeni kwanza kabla ya kulipa. Kutoka pale hadi GoMA ni dakika kumi, njia inateremka kidogo.

Mpangasafari

Imeeleweka. Buchanan Bus Station, halafu GoMA.